Nyuzi za Kilemba cha Mama

Mama Yunisi,

Nimekwenda Mbozi Misheni kuchukua jeneza la mama yangu. Wapikie waombolezaji uji, unga uko kwa jirani Marta.

Asubuhi nilikufokea mbele yao, kwamba lori lilikohoa mlimani na mama akatufia njiani kwenda hospitali kwa sababu uliteka maji kwa debe la petroli. Sasa nimefungua kabureta. Hakuna maji hata tone. Kitundu cha mafuta kilizibwa na nyuzi za kilemba chake, kile nilichochujia petroli mwenyewe.

~~Usimwambie mtu.~~ Waambie wote kabla sijarudi.

Nimekipuliza kitundu kwa mdomo kikazibuka. Lori linanguruma vizuri kabisa, ila sina tena mgonjwa wa kumwahisha.

Baba Yunisi