Povu la Mama Furaha

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua duka. Nimeuza mnyororo na pedali moja. Nimeandika ukurasa. Kama kawaida. Hapa Burundi, mji wa Muyinga mzima, hakuna mwingine anayeuza vipuri vya baiskeli kwa mkono mmoja na kuandika michezo ya kuigiza kwa mkono wa pili. Shule niliiacha darasa la sita huko Kigoma, lakini nimetembea. Tabora, Kahama, hadi Mwanza nimelala. Hiyo ni digrii.

Tatizo ni Gitega. Mwaka jana kikundi chetu kilicheza kule, watu wakatoka kabla ya mwisho. Wahusika wangu walikuwa mlevi, bahili, mama mkwe. Wamewaona hao tangu wanabatizwa. Padri mwenye ukumbi ametupa nafasi moja tu, Jumapili ya tarehe 17. Tukiboronga tena, basi.

Dawa nimeipata. Kila mhusika nampa hofu yake, ya ajabu, isiyo ya mtu mwingine. Si nyoka, si giza. Nyoka anaogopwa na kila mtu, huwezi kumtambua mtu kwa nyoka. Desideri, fundi cherehani wetu, ataigiza fundi anayeogopa vifungo. Anafunga mashati ya watu kwa kamba. Nilicheka peke yangu hadi mteja akaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi uani kwa Mama Furaha. Mkongo wa Uvira, anatengeneza urwarwa, ile pombe ya ndizi, na anaiuza kwenye kabare yake, kilabu kidogo hapo hapo nyumbani. Ndiye mwigizaji wetu bora baada yangu. Nimempa mwenye kabare anayeogopa povu. Desideri kasema ni upuuzi. Wivu.

Mwanzoni aliigiza vibaya, anarukaruka kama kaingiwa na siafu. Akaniuliza: povu iko na nini ya kuogopesha? Swali zuri. Nikamsogezea jagi, nikamwambia atazame karibu. Linapumua, nikasema. Yale ni macho. Madogo, mengi, yanafumba na kufumbua, yanakutafuta wewe.

Akatazama. Kisha akaigiza, na mimi mwenyewe mwili ukanisisimka. Mimi ni mtu hatari.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepita kabare jioni. Mama Furaha hakuonja.

Hapa kwetu anayekupa pombe huonja kwanza mbele yako. Ndiyo kukuambia hakuna sumu. Mama yangu alimwonjea baba hadi uzeeni, na walipendana. Leo Mama Furaha kajaza jagi, likafura povu, akageuza uso, akalitua mezani hivyo hivyo. Wateja wakatazamana. Mmoja akakumbuka mbuzi wake hawajanywa maji. Mwingine akakumbuka msiba. Nilidhani anafanya mazoezi, nikampigia makofi.

Nilikuwa mjinga pekee aliyebaki.

Jumatano, 13 Agosti

Si mazoezi. Amekuja dukani, kaniita pembeni. Hawezi tena. Hata nguo, mwanawe Furaha ndiye anafua, yeye hasogelei beseni. Anaona macho.

"Njo weye uliiweka, Baba Klodina," kasema. "Weye uitoe."

Mtaani wameanza kusema Mkongo anatia kitu. Kabare tupu, na pombe haingoji, inachacha. Bila kabare hana kitu kingine. Nikamshauri awaambie wateja ukweli.

"Mi mupika pombe, niogope povu? Watanicheka mpaka mpakani Kobero. Bora waseme sumu."

Naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu: kwanza nilijisifu. Hofu ya kubuni, inauma kama mbwa wa kweli. Halafu nikapita nikamwona Furaha anafuta meza ambazo hakuna aliyezikalia. Najisikia vibaya.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa kwa Bikira Maria. Baada ya misa tumejaribu kuitoa hofu yake. Kafumba macho: anasikia povu linavyochemka, mbaya zaidi. Mrija: kautupa. Nimemchekesha kwa hadithi yangu ya Kahama, ile ya punda. Alicheka. Hakuonja.

Mchana nimesoma mchezo wangu wote tangu mwanzo na nimeuchukia. Mama anakimbia povu, fundi anakimbia vifungo, wanakimbia hadi mwisho. Hawa si watu, ni kuku. Sijaandika wanataka nini. Hofu lazima isimame mlangoni, na ndani ya nyumba kuwe na kitu mtu anakipenda. Nimefuta, nimeanza upya. Binti wa fundi anaanza shule, sare yake ina vifungo. Mwana wa mwenye kabare anarudi kutoka Tanzania baada ya miaka, ana kiu, na hanywi mpaka mama aonje. Mama anaonja. Makofi.

Mama Furaha kaomba jukwaani atumie maji badala ya pombe. Nikamkatalia, Gitega watajua. Kakubali. Tangu hapo naona haya.

Jumapili, 17 Agosti, Gitega

Ukumbi ulijaa. Vifungo vilichekesha sana. Desideri alipofika kwenye kifungo cha mwisho cha sare, nikaona mwanamke anajifuta machozi. Desideri ni mzuri. Sitamwambia.

Kisha sisi. Mwana nilikuwa mimi, na kitambi changu na mustashi wangu. Nikaketi, nikaomba pombe. Akamimina. Povu likapanda. Hapo ndipo anaonja.

Hakuonja. Alisimama. Nikamnong'oneza maneno yake. Hakusikia.

Akatua jagi. Akawageukia watu.

"Hii pombe haina kitu mubaya. Mi ndo naogopa povu. Nani ataonja pahali pangu?"

Sikuandika hayo. Watu wakacheka, ukumbi mzima, kicheko cha kumwangusha mtu. Hakuanguka. Alibaki amesimama anangoja. Halafu mama mmoja wa mbele akainuka, akakaza kitenge chake, akapanda, akaonja. Akamfuata mzee wa kofia. Ikawa foleni. Nusu yao walikuwa na kiu tu, nawajua watu wangu. Jagi liliponifikia mimi mwana wa nyumba, lilikuwa tupu.

Hakutoka mtu. Padri kauliza tunarudi lini. Mwisho ule ni mzuri kuliko wangu. Nitasema ni wangu.

Jumatano, 20 Agosti

Muyinga. Jana Mama Furaha kasimama mlangoni pa kabare, kawaambia majirani alivyowaambia Gitega. Walicheka sana. Nadhani Kobero walisikia. Kisha wakaingia, wakakaa, maana walikuwa na kiu ya wiki nzima.

Hofu haijatoka. Desideri anasema itatoka, mimi sijui. Ila saa anapofungua mtungi mpya nafunga duka, nakwenda, naonja mimi mbele ya wote. Ndiyo adhabu yangu. Sijawahi kuadhibiwa vizuri hivi.

Leo nimevuta funda refu. Yeye alikuwa anatazama ukuta. Akageuka kidogo, akarudisha macho haraka.

"Futa mustashi, Baba Klodina. Inanitazama."

Nikafuta. Akageuka, akaanza kumimina.