Sponji ya Kiti cha Mama

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Mtoto anaendeleaje, ameshaanza kukaa? Na shemeji, mgongo wake umepoa? Sisi huku wazima, ila wifi yako ana mafua na anadai nimemwambukiza mimi, ingawa mimi mwenyewe sina mafua.

Barua yako niliisoma mara mbili. Uliniuliza jambo moja: kama Baba amekukasirikia kwa kutofika mazikoni. Mdogo wangu, ulikuwa wodini na kichanga cha siku tatu. Nani mwenye akili zake angekulaumu? Lakini najua simu asizopokea zinakuuma. Tangu tumzike Mama, Baba hasemi. Anakula vijiko vitatu, anavuta kiti chake, anakaa mbele ya tangi la samaki wa Mama. Kiti cha Mama kiko pale pale pembeni, na ole wake atakayekikalia.

Sasa nikupe habari za hao samaki, maana huko ndiko nilikolipata jibu lako.

Mwezi uliopita chujio la tangi liliungua. Maji yakachafuka, samaki wote wawili wakawa wanapanda juu kuhema. Baba aliniangalia tu, nami nikaelewa. Nikajipiga kifua: chujio ni sponji, na sponji si ndiyo kazi yangu! Jirani yetu fundi friji akanipa pampu ndogo ya hewa na kunielekeza. Unachukua kipande cha bomba la plastiki, unakitoboa matundu upande wa chini, unakivisha sponji. Mpira mwembamba wa pampu unauingiza ndani ya bomba. Hewa ikipanda kwa mapovu inavuta maji yapite kwenye sponji, uchafu unabaki humo. Kazi ya nusu saa.

Kumbe mazoea yana taabu. Sponji yangu ilikuwa nyembamba, nikaunganisha vipande viwili kwa gundi ya makochi. Sikufikiri hata kidogo. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye kopo kama unavyokwenda kila siku kwa miaka ishirini. Asubuhi nikamkuta yule mwenye mkia mweupe anaelea ubavu, sumu ya gundi imemuua. Mwenzake alikuwa chini, anatweta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimhamishia aliyebaki kwenye ndoo, kisha nikamwambia Baba ukweli wote. Akainuka, akaingia chumbani. Wifi yako akanitazama kwa yale macho yake unayoyajua.

Tangi nililiosha mara nne. Shida ikawa sponji, maana zote za karakanani zimelala pamoja na makopo ya gundi. Nikiwa nimeinama nazinusa moja moja kama paka jikoni, Baba akatoka. Mkononi alikuwa na ule mto wa kiti cha Mama.

"Huu hauna gundi," akasema.

Unaukumbuka? Ni kazi yangu ya kwanza kabisa. Nilikuwa mwanagenzi, na bosi wangu hakuniruhusu kugusa gundi yake, nikaushona wote kwa uzi, tena mishono ya kuchekesha. Mama hakukubali niurekebishe hata nilipokuwa fundi kamili.

Nikamwambia, "Baba, huu hapana. Nitatafuta sponji nyingine."

"Wewe kata. Mama yako aache samaki wake afe kwa sababu ya mto?"

Nilikata huku machozi yananitoka, sikufichi. Kingo zilikuwa zimeanza kumomonyoka, lakini katikati sponji ilikuwa nzima. Baba mwenyewe aliisuuza kwa maji matupu, sabuni akaikataza. Tukafunga jiwe chini ili isielee. Siku ya tatu samaki akala.

Na Baba naye akala, Chiriku. Jana alimaliza sahani, akamwambia wifi yako chumvi imezidi. Wifi yako alifurahi kama aliyesifiwa.

Leo asubuhi amenikuta natafuta karatasi, akauliza namwandikia nani. Nikakutaja wewe. Akavuta kiti chake, akakaa karibu nami. Kisha akaniambia kwa nini hapokei simu zako. Sauti yako, anasema, ni ile ile ya Mama, na anaogopa ataangua kilio usijue la kufanya huko uliko. Si hasira, mdogo wangu. Hata chembe. Basi shusha huo mzigo, umeubeba vya kutosha.

Nisalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote wawili. Mkubwa mwambie mjomba bado anamkumbuka alivyomeza kitufe cha kochi. Wifi yako anakubusu, pamoja na mafua yake. Mungu awalinde, awape usingizi mtoto akiwaruhusu.

Nilipotaka kukunja barua, Baba alinizuia. Amesema niongeze maneno yake haya, nisiyapunguze wala kuyapamba: "Mwambie Chiriku kiti cha mama yake hakina mto. Aje nao. Mimi nitampakata mtoto, yeye akae."

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Fundi Makochi