Ubavu Wangu Umehamia Puani

Jumatatu, 3 Machi
Nimelazwa. Kitanda cha dirishani. Keshokutwa — kisu tena!
Daktari amenichorea pua yangu kwenye karatasi. Mimi niliyefundisha baiolojia hadi kustaafu nikamsikiliza kama mwanafunzi mgeni. Katikati ya pua pana ukuta wa gegedu, kitu kigumu kinachopindika, kama sikio. Ukuta huo ndio unaobeba paa. Aliyenipasua mara ya kwanza aliukuta umepinda, akaukwangua kupita kiasi. Ni kama fundi aliyeng'oa nguzo ili sebule ipanuke! Paa likabonyea, matundu yakaziba. Tangu hapo napumua kwa mdomo, nalala nimeketi, koo kavu kama chaki.
Sasa atachukua gegedu la ubavuni ajenge ukuta upya. Na ikishindikana? Hakuzunguka: makovu ya ndani ni mengi, hataweza kunifungua mara ya tatu.
Basi hii ndiyo ya mwisho.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaja, ananiambia: Bibi mzima unatafuta urembo, nani atakuoa? Mume wangu akamjibu kwamba posa zimeshaanza kuja, yeye ndiye anayezizuia mlangoni. Tumecheka. Wifi alipotoka, mume wangu akanishika mkono, akauliza kama ni lazima. Nikamwambia nataka kulala kitandani, kando yake. Akageukia dirisha.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka. Nipo.

Ijumaa, 7 Machi
Kalamu inashikika. Kifua kinauma kuliko pua — ajabu. Kila tundu lina kibao cha plastiki cha kushikilia ukuta mpya, kimeshonewa ndani.
Nesi aliyekuwepo chumba cha upasuaji kanisimulia. Gegedu la ubavu likichongwa hujipinda polepole, kama ubao mbichi juani. Kwa hiyo daktari alichonga vipande, akavitia kwenye bakuli la maji ya chumvi, kisha — akaketi! Mimi nimelala pale, pua wazi, ubavu wazi, na bingwa mzima kakunja mikono anatazama bakuli. Msaidizi wake akaanza kuhangaika. Akaambiwa atulie, gegedu liseme lenyewe linataka kuelekea wapi. Vilivyopinda akavishona viwili viwili, migongo ikitazamana, kila kimoja kimzuie mwenzake.
Sijaacha kuliwaza hilo bakuli. Nimechora mbavu ubaoni maisha yangu yote, wala sikujua nimebeba akiba ya pua!

Jumamosi, 8 Machi
Mume wangu: Hawa alitokana na ubavu wa mwenzake, wewe umejitegemea. Nimecheka. Mshono umenikemea.

Jumatano, 12 Machi
Naandika kwenye kiti cha chumba cha daktari. Amekata uzi, akavuta kibao cha kushoto. Nikadhani nimemwagiwa maji — baridi tupu, kutoka puani hadi kooni. Hewa! Hii hii ya kila siku, leo imeingia kwa mlango wake. Machozi yamenitoka. Taratibu, bibi, akasema, bado tundu la kulia. Ndilo lililobonyea zaidi, ndilo analolihofia. Akashika koleo. Simu ikalia: dharura. Akaomba nimsubiri.
Binti yangu, aliyenisindikiza, ananiuliza najisikiaje. Mbona husemi, mama? Leo umeishiwa maelezo?
Nimemwinulia kidole asubiri. Nimefunga mdomo — sikumbuki mara ya mwisho nilipoufunga hivi. Viatu vinakuja koridoni. Vimepita. Kibao cha kulia bado kimo.
Mdomo siufungui.