Kumbe Yadira Aliombwa

Maricruz, soma hii ukiwa peke yako. Nimemwacha Yadira hosteli, hapa Guanajuato tulipokuja kutembea. Niko stendi na begi langu mgongoni, nasubiri basi la kurudi León.

Asubuhi nilishuka sokoni kununua tamale zetu mbili za mahindi, za kula asubuhi. Narudi, namkuta juu ya paa la hosteli anapiga soga na wageni wengine. Hawakuniona kwenye ngazi.

Anawaambia, "Huyo nimemburuta tu. Tangu aachwe na mchumba wake, kazi yake kulia. Mama yake ndiye aliyeniomba nimtembeze."

Nimtembeze. Kama mbwa, Maricruz.

Na wale wakacheka.

Nikapanda, nikaweka tamale mezani. Unajua alisema nini? Hata samahani hakuna. "We Fabiola, kumbe ulikuwa unasikiliza?"

Nikamwambia, "Kula zote mbili." Nikachukua begi langu.

Miaka yote hii namwita dada.

Mama amepiga sasa hivi kuuliza kama tunafurahia. Nikamwambia tunafurahia sana.

Sasa nijibu ukweli. Jumapili unapokuja kunitoa nyumbani twende kunywa kahawa, unataka mwenyewe, au na wewe mama alikuomba?