Dumu la Oili Chafu

Haneti

Mjukuu wangu Obedi,

Leo sikuiti mume wangu, utani nimeuweka pembeni. Mimi mzima. Mtama umekauka. Nguzo za nyumba zimepona mchwa kwa kupakwa ile oili chafu uliyoniletea siku moja kabla ya mashindano ya magari.

Oili hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Harithi, fundi wako wa Kizota, alipokuja msibani alichovya kidole kwenye dumu, akakiinua juani. Kikameremeta.

"Bibi, huu ni unga wa chuma. Injini ilikuwa inajisaga. Nani alimwaga oili hii?"

"Obedi mwenyewe, nyumbani kwake Miyuji."

Akakaa chini. Anasema alikuambia gari la kwenda kazini kila siku na kushindana Jumamosi linataka oili nzito, ibadilishwe kila baada ya mashindano. Wewe mjuaji ukaweka nyepesi ya kubana petroli, ukakaa nayo miezi mitano. Ulipoimwaga uliona inameremeta. Ukaniletea mimi, ukidhani kizee hana macho. Kesho yake ukampakia mdogo wako Sila kiti cha pembeni. Injini ikanoki, ikakwama ghafla kwenye kona, gari likabiringika. Sila tumemzika, wewe unatembea.

Mama yenu ulimwambia mbuzi alikatiza barabara. Mpaka leo yeye humtukana kila mchungaji wa mbuzi anayepita hapa, na jana kamrushia mmoja jiwe.

Njoo Jumapili umwambie mwenyewe. Nitakaa mlangoni usikimbie. Usipokuja nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema polepole.

Ni mimi niliyewalea wote wawili,
Bibi Loisi