Makopa Yaliyolowa

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi hatujambo, babu yako yuko kwenye mikorosho. Unasema ukisoma ufahamu wa Kiingereza, neno moja geni linakutoa jasho, na mtihani wa kidato cha sita umekaribia. Nami roho haijatulia tangu uniambie.

Nilipoolewa hapa Nanyamba, mimi Mmakua, sikujua Kimakonde. Siku moja mama mkwe alinisemesha uani. Neno la kwanza likanishinda, nikaganda hapo hapo, mengine yote yakanipita. Kumbe alitaka nianue makopa ya muhogo, mvua inakuja. Yakalowa yote. Tangu hapo nikawa namwacha amalize kwanza, huku namtazama anaangalia wapi.

Tumeishi naye vizuri hadi tunamzika, na yapo maneno yake sijayajua mpaka leo.

Bibi yako