Fimbo ya Kuvulia Uliyoniagiza

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla sijakuchosha na mengine. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo, na kile kifua chake kimetulia? Na wale wanangu, bado wanagombania kiti cha karibu na dirisha wakati wa kula, au wamekua wakaona aibu? Waambie shangazi yao hajasahau kuwashonea zile kaptula, ila vipimo mlivyonitumia ni vya mwaka jana, na miguu ya watoto haimsubiri fundi.

Sisi huku hatujambo. Mimi ni mgongo tu, huu wa kuinamia cherehani kutwa, na siku hizi wa kumwinamia Baba kumvisha viatu asubuhi. Baba mwili wake mzima. Anakula, anacheka, anamgombeza paka wa jirani kana kwamba paka anamdharau. Ulisema sauti yake kwenye simu ni ya mtu mwenye akili zake timamu. Kaka, kwenye simu Baba anajua kuitikia "ndiyo, ndiyo, vizuri" hata kama hajui anaongea na nani. Ndiyo maana nimeona niandike. Simu yetu inakaa chumbani kwake, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema huku ananitazama.

Barua yako niliipata. Wewe nawe! Ukurasa mzima habari za fimbo ya kuvulia, halafu mistari miwili tu juu ya Baba. Lakini hiyo miwili ndiyo niliyoisoma na kuirudia mpaka karatasi ikalegea. Kwamba likizo hii unakuja, baada ya miaka yote hii. Kwamba utampeleka ziwani, mkae mashuani nyinyi wawili, na hutaki kitu kingine kwake isipokuwa akuambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba siku ya mazishi ya Mama alikukosea. Nakuelewa kabisa. Nilikuwepo. Nilimsikia akikufukuza mbele ya watu, vumbi la safari bado liko usoni pako, eti mtu asiyejali kufika kumzika mama yake arudi alikotoka. Ukageuka na begi lako begani, hata maji ya kunywa hukupewa.

Basi, kuhusu fimbo. Nilikwenda kwa Kipara, yule mwenye duka la vipuri vya baiskeli upande mmoja na vifaa vya kuvulia upande wa pili. Ilibidi niende na Baba, maana jirani anayenishikia zamu alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Nikamweleza Kipara kama ulivyoniandikia, fimbo ya kuvulia samaki aitwaye besi kwenye magugu mazito, na Kipara akapata alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi, mtu wa kumsikiliza. Akasema huyu samaki wa mdomo mpana hapendi mahali pasafi, anakaa chini ya magugu kivulini. Unamburuta chura wa mpira, ndiye chambo, juu ya majani, naye anapasuka kutoka chini anamdaka, na akishamdaka tu anarudi chini kujifunga kwenye mashina. Fimbo ikiwa laini, inajikunja yote, na wewe unapongoja ijikunjue mwenzako ameshafunga mafundo. Unavuta kwa nguvu zako zote unapata kapu la majani. Kwa hiyo iwe ndefu, ngumu mgongoni, ilegee kwenye ncha tu ili chura arushike vizuri, na mshipi uwe ule mnene wa kusukwa, umng'oe samaki kabla hajawaza. Alivyokuwa anaongea ungedhani amezaliwa mashuani. Na mji mzima unajua Kipara anaogopa maji hata ya ndoo.

Laiti ungemwona Baba mle dukani! Nilidhani amepona. Alizipima zile fimbo moja moja, akaziegemeza kwenye kidole kutafuta uzito umelalia wapi, akabonyeza ncha kwenye dari. Mojawapo ikagonga mipira ya baiskeli iliyoning'inizwa, ikamwangukia Kipara shingoni kama shada, tukacheka mpaka Baba akafuta machozi. Mwisho akachagua moja ndefu nyeusi, Kipara akapiga makofi, akasema hiyo hiyo ndiyo angeichagua yeye.

Nikasema basi, tufungie mbili za namna hiyo, moja ya Baba na moja ya kaka yangu. Baba akakataa. Akasema ya mwanawe iwe fupi na nyepesi, kwa sababu mtoto mkono wake haujakomaa, fimbo ngumu namna hii itamtegua bega. Kipara akanitazama. Nikamwambia Baba taratibu kwamba mwanawe huyo siku hizi ana mvi kwenye ndevu na watoto wake wawili. Kaka, alinitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyeingilia mazungumzo yasiyomhusu. Kisha akamwambia Kipara kwamba dada huyu ni mtu mwema, chakula chake kitamu, ila hamjui mwanangu.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta funguo.

Nilinunua alivyotaka. Kwa hiyo usije ukashangaa, fimbo inayokungoja hapa nyuma ya mlango ni ya mtoto, ina mpini wa rangi ya chungwa. Usinicheke.

Jumamosi ya wiki ile seremala jirani akatuazima mashua yake. Niliona nikuandalie mambo, nimzoeshe Baba maji kabla hujafika. Nikapiga kasia mimi. Baba alikaa mbele akinielekeza kwa mkono, pita hapa, zunguka pale, na kila aliponielekeza magugu yaliachana tukapita, wala hakukosea hata mara moja. Jina langu limempotea, njia za ziwani zote anazo. Tulipofika mahali magugu yalipofunga kabisa, akaniambia niweke kasia. Akachukua ile fimbo ndogo, akaninyoshea, akaniita Nahodha.

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Naapa niligeuka, kana kwamba ungekuwa umekaa pale. Hilo ni jina alilokupa wewe tangu ulipoanza kupanda mashua, na hajawahi kumwita hivyo mtu mwingine yeyote. Nikataka kumwambia. Lakini alikuwa ameshaishika mikono yangu, ananionyesha pa kuweka kidole gumba, jinsi ya kumrusha chura mbali kisha kumkokota polepole, umwache apumzike, umkokote tena. Unakumbuka mimi nilivyokuwa nikibaki ufukoni na Mama, kazi yetu kuparua magamba? Nilikuwa nalia kila mlipoondoka, na Baba akisema nywele za msichana zitanasa kwenye ndoano. Utoto wangu wote nilitamani anifundishe. Sasa alikuwa ananifundisha, kwa upole ambao sikujua anao, na wala hakuwa ananifundisha mimi. Sijui kama unaelewa ninavyosema. Nilifurahi, kaka, na roho iliniuma hapo hapo.

Yule besi alipompiga chura, maji yaliruka mpaka usoni. Baba akapiga kelele nivute. Ile fimbo ya kitoto ikapinda mpaka ncha ikaingia majini, na samaki akazama chini ya magugu kama Kipara alivyosema. Baba akatupa fimbo yake, akaweka mikono yake juu ya yangu, tukavuta wote wawili, mashua inayumba nusura tutumbukie. Tulichopandisha ni fungu la majani zito kama nguo zilizolowa, na samaki hayumo.

Nikangoja nigombezwe. Unamjua Baba akipoteza samaki. Badala yake alikaa chini, akaanza kunitolea majani kwenye mshipi, moja moja, na huku anaongea bila kuniangalia. Akasema Nahodha asihuzunike, kosa si lake, yeye baba ndiye aliyempa fimbo isiyofaa. Halafu akasema hata siku ile ya Mama kosa lilikuwa lake. Kwamba alijua tangu jioni ile ile kwamba basi liliharibika njiani, dereva mwenyewe alikuja kumweleza, na basi likiharibika mtoto afanye nini? Kwamba siku ile alitaka kumpiga mtu, na Mama hayupo wa kumzuia, ukatokea wewe mlangoni. Akasema kila basi likipita barabarani bado anachungulia.

Kwa Baba miaka imechanganyika kama nyuzi kwenye droo yangu. Kwake wewe ni mtoto wa fimbo fupi, na wewe huyo huyo ndiye mtu mzima ambaye yeye alimfukuza. Lakini maneno yalikuwa kamili, kaka. Hayakupungua hata moja. Nimeyaandika hapa kama alivyoyasema, nisikuongezee wala nisikupunguzie.

Kisha akaniuliza kama namsamehe.

Sasa hapa ndipo ninapokuomba uniwie radhi. Nilimjibu ndiyo. Nikamwambia, nimekusamehe Baba, yameisha. Nilisema kwa sauti yangu na kwa jina lako. Ule ulikuwa msamaha wako, wa kuutoa au kuunyima, umeutunza miaka yote hii, na mimi nikautoa pale mashuani bila kukuuliza. Sikupata moyo wa kumwambia angoje likizo.

Alilia kama mtoto, akanishika kichwa. Tangu siku hiyo halizungumzii tena. Usiku alikuwa akiamka kugombana na watu wasioonekana. Sasa analala mpaka jua linatoka.

Usidhani sikujaribu kulirekebisha jambo hilo. Kesho yake, wakati wa chai, nilimwambia kwamba mimi ni binti yake, na Nahodha yuko mbali, anakuja. Baba aliweka kikombe chini akaanza kukutafuta. Alikutafuta chini ya vitanda, nyuma ya cherehani, kwenye tangi la maji. Nilipogeuka kuzima jiko akatoka na nguo za kulalia mpaka ziwani, nikamkuta amezama hadi kiunoni anapasua magugu kwa mikono, anakuita, anasema mtoto amezama na hakuna mtu anayemsaidia. Watu walikuwa wamesimama wanatazama. Hakutoka mpaka nilipoingia majini nikamwambia, niko hapa Baba, mimi Nahodha, nimetoka. Akanifunika na shati lake lililolowa, akanipeleka nyumbani kwa mkono.

Kwa hiyo kaka, njoo. Tafadhali njoo, Baba akuone hata kama hajui anamwona nani. Lakini ukifika usimwambie wewe ni nani. Najua nakuomba jambo zito, na najua umesubiri kusikia nini kutoka kwake. Alishalisema, na kwake limekwisha. Twende wote ziwani. Wewe utapiga kasia, mimi nitakaa na ile fimbo fupi, na Baba akiuliza huyu bwana mkubwa ni nani, nitamwambia ni mtu wa kusaidia kazi. Atakupenda. Anawapenda watu wanaojua kasia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze tukiwa jikoni, nitakusikiliza mpaka umalize.

Nisalimie wifi, nisalimie wanangu, na jirani yenu yule anayenitumia mishono. Fundi seremala anakusalimu, Kipara anakusalimu. Baba angekusalimu.

Na ombi langu la mwisho ni dogo. Baba alikuwa akiniita kwa jina langu kila asubuhi kutoka chumbani kwake, kwa sauti ile yake ya kuamsha nyumba nzima, na mimi nilikuwa nikikasirika. Siku hizi ananiita Nahodha, nami naitika, na hapa nyumbani hakuna tena mwingine wa kuniita. Siku utakayofika, hata kabla hujaweka mzigo chini, ukiwa bado nje mlangoni, niite jina langu.

Ni mimi,
mdogo wako.